Marimba ya mkono ya kutengeneza nyumbani: mbao gani, vyuma gani, sauti zipangwe vipi?

SeremalaMgeni

Wakuu, habari za humu. Nina mpango wa kutengeneza marimba ya mkono, ile ambayo Wagogo wanaiita ilimba. Itatumiwa nyumbani na watoto wawili, wa miaka 7 na 11, pamoja na bibi yao ambaye jioni huwa haachi kuimba. Si ya jukwaani wala ya kuuza.

Vyombo vilivyopo: msumeno wa mkono, randa ndogo, patasi mbili, drili ya umeme, tupa, jiliwa na plaizi. Mashine ya kupasulia mbao hakuna. Karakana ya jirani ina mabaki ya mninga na mkongo, na plaiwudi ya mm 3 inapatikana. Kasha nimelipangia urefu wa sm 20, upana sm 13, kina kama sm 5. Kwa vyuma nimewaza spoku za baiskeli, maana zipo kila mahali na hazishiki kutu haraka.

Ninachotaka kujua kabla sijakata chochote:

1. Nichimbe gogo moja kama wazee, au niunge mbao?
2. Uso uwe plaiwudi au mbao yenyewe?
3. Spoku zinafaa?
4. Vyuma vikatwe urefu gani? Za dukani zenye vyuma 17 zimepangwa do re mi ya kinanda. Nifuate hiyo?

Fundi_Kizota

Mkuu, unga mbao. Kuchimba ni kazi nzuri, lakini inataka patasi ya mviringo yenye shingo ndefu, na inataka gogo lililokauka hadi kiini. Kipande cha unene wa sm 5 kinaweza kuonekana kikavu kwa nje huku ndani bado kibichi. Ukishakichimba, kuta zinakauka kwa kasi tofauti na linapasuka kuanzia nchani. Mabaki ya karakana yenye unene wa mm 12 hadi 15 hukauka sawasawa zaidi, na nyufa zake unaziona mapema.

Vipande vya kasha, kwa milimita:

- pande ndefu 2: 200 × 46 × 12
- pande fupi 2: 106 × 46 × 12 (zinaingia katikati ya zile ndefu)
- uso 1: 200 × 130 × 4
- mgongo 1: 200 × 130 × 3, hapo plaiwudi inatosha
- kizibo cha ndani 1: 106 × 40 × 12, mkongo au mninga mgumu

Nyuzi za mbao ya uso ziende kwa urefu wa kasha, kufuata vyuma. Ukizipitisha kwa upana, uso utapinda chini ya madaraja (vijiti viwili ambavyo vyuma hulala juu yake) ndani ya muda mfupi.

Kuhusu kupata ubao wa mm 4 bila mashine: usijaribu kuupasua kwa msumeno wa mkono. Peleka kipande kwenye karakana wakupasulie na kukipitisha kwenye mashine ya randa hadi mm 5, kisha malizia mwenyewe kwa randa ya mkono na msasa namba 120, halafu 180. Mninga unafaa sana kwa sababu haunywei sana hali ya hewa ikibadilika. Vaa kitambaa puani unapopiga msasa, vumbi lake linawasha. Kama karakana ni mbali, plaiwudi ya mm 3 au 4 italia tu, ila sauti yake ni fupi kidogo na haina ule utamu wa chini.

Maungio ya pembeni. Ncha ya mbao hunyonya gundi kama sifongo, ndiyo maana makasha mengi yanaachia kwenye kona. Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye ncha, subiri kama dakika tano iingie, paka tena ndipo uunganishe. Ndani ya kila kona gundisha kijiti cha mm 10 × 10. Klampu si lazima: kata tyubu ya baiskeli iwe mikanda ya upana wa sm 2 hadi 3, zungushia kasha huku ukiivuta kwa nguvu. Inabana pande zote kwa usawa kuliko klampu mbili za chuma. Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona ya pili, na mlalo wa upande mwingine. Vipimo viwili vikilingana, kasha lina pembe sawa, huhitaji hata guniya. Acha saa 24.

Kizibo cha ndani ndicho watu wengi wanakisahau. Kinagundishwa chini ya uso, palepale yatakapokaa madaraja, kuanzia kama sm 4 kutoka mwisho wa nyuma. Bila hicho, mgandamizo wa vyuma unauvuta uso na kuubonyeza. Lakini kisizidi hapo. Ukijaza ubao mgumu chini ya uso mzima umetengeneza meza.

Madaraja sasa. La mbele lina urefu wa mm 10 kwenda juu, la nyuma mm 8, na nafasi kati yao mm 30. Katikati inapita nondo ya mm 6 inayokandamiza vyuma kwenda chini. Daraja la mbele liwe la mbao ngumu kabisa. Kipande cha mpingo ukikipata ni bora. Juu yake chora mfereji mwembamba kwa kona ya tupa, ulaze kipande cha spoku. Hapo ndipo spoku yako ina kazi. Chuma kikilala juu ya chuma sauti inadumu. Kikilala juu ya mbao laini kinajichimbia kishimo na kuanza kunong'ona.

Nondo ya kubana ifungwe kwa waya wa mabati wa mm 1.5, uliokunjwa mara mbili, katika sehemu nne: ncha mbili na sehemu mbili za kati. Toboa jozi ya matundu ya mm 3 mbele na nyuma ya nondo, pitisha waya hadi chini ya kizibo, usokote kwa plaizi kutoka ndani. Ukifunga nchani tu, nondo inanyanyuka katikati, na katikati ndipo vinapokaa vyuma virefu vinavyohitaji kubanwa zaidi.

Kwa sababu hiyo mgongo usiugundishe. Fungia skrubu sita ndogo za mm 12, na utangulie kutoboa kwa keekee ya mm 1.5 ili ubao usipasuke. Waya mpya hulegea baada ya siku chache za kupigwa na itabidi ufungue usokote tena.

Tundu la sauti: anza na kipenyo cha mm 20, kwenye uso, mbele kidogo ya ncha ya chuma kirefu. Kasha la vipimo hivi likiwa na tundu la mm 20 lina mlio wake wenyewe karibu na 235 Hz, yaani mitetemo 235 kwa sekunde. Ukilipanua hadi mm 30 mlio unapanda karibu na 300. Puliza juu ya tundu kama unavyopuliza mdomo wa chupa, utausikia. Ukilingana na chuma kimojawapo, hicho kitavuma kwa nguvu halafu kinazima ghafla, vingine vinabaki vyembamba. Lipanue kwa msasa uliozungushiwa kijiti hadi mlio uangukie katikati ya vyuma viwili. Tundu halirudi nyuma, nenda taratibu.

Mambo ya vyuma na sauti nawaachia wenye masikio.

MwanaMvumi

Fundi amemaliza ya mbao. Niingie kwenye vyuma.

Spoku ina unene wa mm 2. Ukiiponda hadi mm 1 inapata upana wa kama mm 3 tu. Inalia, lakini kidole gumba cha mtoto kinateleza pembeni na baada ya nusu saa kinauma. Misumari ya inchi 4 ni bora. Ukiuponda hadi mm 1 unapata bapa la mm 7 au 8, na urefu unaongezeka kupita sm 10, ambao ndio unaouhitaji: kama sm 6 za kupiga, sm 3 kati ya madaraja, na mkia wa sm 1.

Ponda ukiwa baridi, juu ya kipande cha reli au kichwa cha nyundo kubwa kilichobanwa kwenye jiliwa. Chuma kinavyopondwa baridi ndivyo kinavyokuwa kigumu na chenye kurudi. Ukikipasha moto kinalainika. Utakipinda kwa kidole na kitabaki kimepinda. Mikono ikichoka, pasha moto kwa hatua ya kwanza tu, na theluthi ya mwisho ya unene imalizwe baridi. Ukiona vijiufa pembeni mwa bapa, tupa msumari huo, utakatikia darajani. Visu vya msumeno wa chuma vina mlio mkali mzuri, ila kuvipasua kwa urefu bila mashine ya kusagia ni mateso na vinavunjika.

Kata kichwa cha msumari, kisha ncha ya mbele iwe bapa pana lenye mviringo. Pindisha kidogo kwenda juu, ipite juu ya uso kwa mm 12 hivi. Piga tupa kingo zote na umalizie kwa msasa wa chuma. Kwa mtoto wa miaka 7 hilo si pambo.

Urefu. Unaopimwa ni kutoka daraja la mbele hadi ncha, mkia hauhesabiwi. Kwa chuma cha unene wa mm 1, chukua 815,000, gawa kwa Hz unazotaka, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni milimita. Kama unene si mm 1, zidisha 815,000 kwa unene kwanza. Utaona kwamba ili sauti ishuke oktava nzima (Hz ziwe nusu), urefu hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 1.41 tu.

Ninapotofautiana na za dukani ni mpangilio. Ilimba ya Kigogo haifuati kinanda. Inafuata sauti zinazopanda kwa uwiano wa 8, 9, 10, 12, 14 kisha 16 ambayo ni oktava. Huo ndio uliomo pia kwenye kuimba kwa Wagogo, na ndiyo maana ala na koo vinashikana bila kugombana. Chini ukiweka 220 Hz, vyuma tisa vinakuwa hivi:

- 220 Hz: mm 61
- 247.5 Hz: mm 57.5
- 275 Hz: mm 54.5
- 330 Hz: mm 49.5
- 385 Hz: mm 46
- 440 Hz: mm 43
- 495 Hz: mm 40.5
- 550 Hz: mm 38.5
- 660 Hz: mm 35

Hizo ni za kuanzia. Msumari uliopondwa kwa mkono haulingani unene, kwa hiyo acha mm 5 za ziada, ufikie sauti kwa kusukuma chuma mbele au nyuma chini ya nondo.

Kirefu kabisa kikae katikati. Cha pili kulia kwake, cha tatu kushoto, cha nne kulia, na kuendelea. Kwa kuwa sauti ni tano kabla ya kurudia, oktava ya kila chuma inaangukia mkono wa pili: 247.5 iko kulia, 495 iko kushoto. Vidole gumba viwili vinaweza kupiga sauti moja ya juu na ya chini kwa pamoja, na mtoto anaigundua mwenyewe bila kufundishwa.

Kurekebisha kidogo kidogo: ukisugua tupa karibu na daraja, sauti inashuka, maana chuma kinalegea. Ukisugua nchani, sauti inapanda, maana uzito umepungua. Ukipitiliza juu, bandika tonge dogo la nta ya nyuki chini ya ncha, itashuka.

Ukitumia programu ya simu ya kupima sauti, donoa ncha taratibu kwa pedi ya kidole. Ukipiga kwa kucha karibu na daraja kinatoka kimlio cha juu, karibu mara sita ya sauti yenyewe, na simu itakudanganya.

Randa7

Nampinga MwanaMvumi kwenye jambo moja, kwa heshima zote. Mtoto wa miaka 11 yuko shule, pengine kuna kinanda kanisani au filimbi darasani. Hiyo 385 iko chini ya G ya kinanda, ambayo ni 392. Akipiga pamoja na wenzake itasikika imechoka. Mpangie sauti za kinanda A, B, C kali (C#), E, F kali (F#): 220, 247, 277, 330, 370, halafu oktava zake. Ni sauti tano vilevile, nyimbo nyingi za watoto zinaingia humo, na hakuna mgongano. Tofauti na orodha ya juu ni ndogo isipokuwa ile ya tano, ambayo inakuwa mm 47 badala ya 46.

Kuhusu uso, plaiwudi isidharauliwe. Kasha lililotengenezwa Tanga au Unguja likihamia Dodoma linakutana na hewa kavu. Mbao ya mm 4 iliyogundishwa pande zote nne haina pa kunywea, inapasuka. Plaiwudi haipasuki.

Kupaka: usimwage vanishi nzito kwenye uso, inafunga sauti. Mkono mmoja mwembamba, msasa namba 240, basi. Mafuta ya nazi hayakauki; kasha litanata na kunusa vibaya baadaye. Mafuta ya kitani yanakauka, lakini vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa kwenye kapu, vinajipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje vikauke kwanza.

MwanaMvumi

Randa7, hoja ya shule naikubali, lakini hapa mwenye mada ametaja bibi anayeimba, hakutaja kinanda. Hayati Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003, alizungusha ilimba dunia nzima na ukoo wake unaendelea kupiga na kuimba pamoja. Ile sauti ya tano iliyo chini kidogo ya kinanda ndiyo inayoupa muziki huo sura yake. "Ukiisahihisha" unabaki na do re mi iliyopungukiwa.

Suluhisho lipo bila kugombana: kuhama kutoka 385 hadi 370 ni kusogeza chuma kimoja mm 1 tu. Weka alama mbili za penseli kwenye mkia wake. Jioni kwa bibi, mchana kwa shule.

SeremalaMgeni

Nashukuru wote, mmenitoa mbali. Misumari imepita, spoku ibaki darajani.

Mawili yamebaki. Bibi huanzia chini kuliko watoto, wakiimba pamoja mmoja lazima akaze koo. Nitajuaje pa kuanzia? Na ule mlio wa "zzz" unaosikika kwenye ilimba za wazee unatoka wapi, au ni vyuma vilivyolegea?

MwanaMvumi

Hilo la kwanza ndilo lililopaswa kutangulia misumari. Pima koo kwanza, vyuma baadaye. Mwombe bibi aimbe wimbo anaoupenda bila ala yoyote, asubuhi moja na jioni moja, uangalie kwenye simu sauti ya chini anayotulia. Hiyo ndiyo 8 yako. Tuseme ni 200. Gawa kwa 8 upate 25, halafu zidisha: 200, 225, 250, 300, 350, 400, 450, 500, 600. Urefu unaupata kwa hesabu ileile ya 815,000. Cha katikati kinakuwa kama mm 64. Usilazimishe 440, kipimo cha kawaida cha vinanda, kwa sababu tu simu inaipenda.

Watoto wa umri huo wengi wanaimba vizuri kuanzia kama 250 kwenda juu. Kwa hiyo wao watashika 10 hadi 16 na zaidi, bibi atashika 8 hadi 14. Vyuma tisa vinawatosha wote bila mtu kukaza koo, na baba akiingia ataimba oktava moja chini.

Mlio wa "zzz" unatakiwa, si kasoro. Una vyanzo viwili. Cha kwanza ni vipete vya waya mwembamba au vya bati vilivyozungushiwa chuma, kati ya daraja la nyuma na nondo, vikiwa vimelegea kiasi cha kutikisika tu. Cha pili ni utando: tundu dogo la mm 8 hadi 10 kwenye kasha linafunikwa kwa ule utando mweupe wa mayai ya buibui, unabandikwa kwa nta ukiwa umenyooka lakini haujavutwa. Utando ukikosekana, karatasi ya sigara inafanya kazi hiyo, ila ikipata unyevu inalegea na kubadilishwa. Mate ya watoto nayo ni unyevu.

Kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu, acha vipete, tumia utando. Kipete kikichomoka kinaishia mdomoni.

MamaWawili

Naongezea la upande wa nyumbani, maana ala inaweza kuwa nzuri na ikaishia juu ya kabati.

Ndugu yangu, watoto wawili na marimba moja ni ugomvi wa kila siku. Kama una misumari ya kutosha, tengeneza mbili kutoka kwenye orodha moja ya sauti. Ya mdogo iwe na vyuma vitano tu (8, 9, 10, 12, 14) na kasha la upana wa sm 10, mikono yake midogo haitafika kwenye sm 13 bila kulishikia kifuani. Ya mkubwa iwe na tisa. Zipange kwa kusikilizana zenyewe kwa zenyewe, siyo kila moja na simu yake. Zikipishana Hz mbili tatu utasikia mawimbi, "wau wau", zikipigwa pamoja. Hayo mawimbi yakisimama, zimekubaliana.

Usianze kuwafundisha nyimbo. Mpe mdogo mzunguko mfupi wa kurudia: katikati, kulia, katikati, kushoto. Arudie hadi bibi aweze kuimba juu yake. Mkubwa ajaze nafasi zinazobaki wazi. Muziki wa ala hii ni wa kujibizana kwa mikono, na mtoto anayepiga mizunguko miwili bila kukosa tayari anamsindikiza mwimbaji. Anayetafuta wimbo chuma kwa chuma anachoka siku ya tatu.

Faida nyingine ambayo haitajwi: ni ala ya sauti ya chini. Umeme umekatika, mchanga amelala chumba cha pili, na bado watu wanaimba sebuleni. Ukitaka isikike zaidi, iweke juu ya sufuria kubwa iliyofunikwa kifudifudi au kwenye meza ya mbao tupu. Kwenye mapaja au zulia sauti inamezwa.

Na bibi akisema sauti fulani siyo, sogeza chuma. Simu baadaye.

Kijukuu_wa_Pili

Naombeni msaada hapohapo. Ninayo ya kununua, vyuma 11. Viwili vya kulia vinatoa "tk" bila mlio, na cha katikati kinalia vizuri halafu sauti inashuka kila baada ya siku chache. Uso haujapasuka.

Fundi_Kizota

Hizo ni kasoro mbili tofauti.

"Tk" bila mlio: hicho chuma hakilali kwenye daraja la mbele. Pitisha kipande cha karatasi kati yake na daraja. Ikipita huru, umepata jibu. Sababu ya kawaida ni chuma kupinda kwenye nondo au daraja kubonyea upande huo. Kitoe, kilaze juu ya kitu kilichonyooka, kinyooshe kwa nyundo ndogo, kirudishe. Karatasi ikikwama na bado ni "tk", angalia kama ncha inagusa jirani yake au inagonga uso ukikibonyeza. Nafasi ya mm 3 kati ya vyuma ndiyo ya chini kabisa.

Sauti kushuka: chuma kinasogea mbele kila kinapodonolewa, urefu unaongezeka. Nondo imelegea katikati. Kama imefungwa kwa boliti, kaza robo duara kila upande kwa zamu, usikaze moja hadi mwisho. Kama ni waya, sokota ule ulio karibu na katikati. Mkia ukiwa laini sana unateleza hata nondo ikibana. Ukwaruze kwa msasa wa chuma namba 80 pale unapokaa juu ya daraja la nyuma. Usitie gundi, hutaweza kupanga sauti tena.

SeremalaMgeni, na wewe: kabla hujafunga skrubu za mgongo, tikisa kasha karibu na sikio. Kipande cha waya au chembe ya gundi iliyobaki ndani inatoa mlio unaofanana kabisa na chuma kilicholegea, na utapoteza jioni nzima ukikaza nondo isiyo na kosa.

SeremalaMgeni

Sawa fundi. Swali dogo la mwisho: matundu ya pembeni ya kuziba na kufungua kwa kidole cha kati, yana ulazima?

Fundi_Kizota

Hayana ulazima, ila watoto wanayapenda. Moja kila upande mrefu, mm 10, mahali vidole vinapofika vyenyewe ukilishika kasha, mbele ya kizibo. Yatoboe kabla ya kugundisha uso. Yakiwa wazi mlio wa kasha unapanda, kwa hiyo unapopima tundu kubwa kwa kupuliza, yazibe kwa vidole kwanza.